Nimemaliza Return of the Obra Dinn: watu 60 na saa moja ya mfukoni

Usiku wa kwanza wa mchezo huu wa upelelezi wa kompyuta nilicheza hadi saa nane na nusu na sikuwa nimemtaja muuaji hata mmoja kwa uhakika. Nilifunga kompyuta, nikalala, na asubuhi njiani kwenda kazini bado nilikuwa namfikiria mtu mmoja aliyevaa kofia ya sufi, aliyesimama nyuma kabisa ya kundi. Yule mtu anatokea karibu kila tukio, na mimi simjui jina. Hapo ndipo nilipojua kwamba mchezo huu si kama ile niliyoizoea.

Nimekuwa mpenzi wa michezo ya upelelezi ya simu kwa miaka. Wengi wenu mnaijua: unapewa picha ya chumba kilichovurugwa, unagusa kisu, unagusa glavu, unagusa kikombe. Damu inakwenda maabara, unasubiri saa kadhaa au unalipia ili usisubiri, kisha majibu yanarudi kwamba muuaji anavuta sigara na anatumia mkono wa kushoto. Watuhumiwa wamepangwa mstari, asiyevuta anaondolewa, anabaki mmoja, anatiwa pingu. Nimefunga kesi nyingi kwa namna hiyo na leo sikumbuki jina la marehemu hata mmoja. Kazi yote ya kufikiri hufanywa na mchezo, wewe ni kidole tu.

Return of the Obra Dinn ilitoka tarehe 18 Oktoba 2018 kwa kompyuta, na mwaka mmoja baadaye ikaingia kwenye mashine za michezo za PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch. Aliyeitengeneza ni Lucas Pope, Mmarekani anayeishi Japani, na karibu kila kitu amekifanya mwenyewe, michoro na muziki pia, kwa zaidi ya miaka minne. Mwaka 2019 ilichukua tuzo mbili za BAFTA, zile tuzo kubwa za Uingereza, moja ya sanaa na moja ya ubunifu wa mchezo wenyewe. Ile ya pili hasa nadhani ni haki yake kabisa.

Kisa ni hiki. Mwaka 1802 meli ya biashara iitwayo Obra Dinn iliondoka London kuelekea Mashariki ikiwa na shehena ya zaidi ya tani 200. Ilitakiwa ionekane Rasi ya Tumaini Jema. Haikuonekana, ikahesabiwa imepotea baharini. Asubuhi ya tarehe 14 Oktoba 1807 inajileta yenyewe bandarini Falmouth, kusini magharibi mwa Uingereza, matanga yamechanika na hakuna mtu hai juu yake. Wewe ni mkaguzi wa bima wa East India Company, ile kampuni ya kweli ya biashara ya Uingereza iliyoanzishwa 1600 na iliyojaza Bahari ya Hindi meli zake. Meli ya Obra Dinn yenyewe ni ya kubuni. Kazi yako ni kupanda, kukagua na kuandika nini kilimpata kila mmoja wa watu 60 waliokuwamo.

Unapewa vitu viwili. Cha kwanza ni kitabu chenye orodha ya majina, kazi ya kila mtu na nchi aliyotoka, ramani ya meli, na michoro ya watu wote iliyochorwa na msanii aliyekuwa safarini. Cha pili ni saa ya mfukoni yenye fuvu kwenye kifuniko. Ukiifungua saa mbele ya maiti, skrini inakuwa nyeusi na unasikia sauti za dakika ya mwisho ya yule mtu: hatua, mlango, maneno mawili matatu, mlio. Kisha giza linaondoka na unajikuta umesimama ndani ya sekunde ile ile aliyokufa. Kila kitu kimeganda. Moshi wa bastola umesimama hewani, matone ya maji yamesimama, mdomo wa mtu uko wazi katikati ya ukelele. Unaruhusiwa kutembea katikati yao, kuwachungulia usoni, kuinama, kuangalia nani yuko nyuma ya mlango.

Basi, hiyo ndiyo maabara yako. Hakuna alama za vidole wala mtaalamu wa kukutafsiria. Kwa kila mtu lazima ujaze mwenyewe: huyu ni nani, amekufaje, na kama ameuawa, kauawa na nani na kwa silaha gani.

Nitoe mfano mmoja wa mwanzoni kabisa, ambao hautamharibia mtu utamu. Kwenye chumba cha nahodha unamkuta nahodha mwenyewe akiwa na mkewe aliyekwisha kufa kitandani. Anamwita Abigail, na anamwambia kwamba yeye, nahodha, ndiye aliyempiga risasi kaka yake. Ni hayo tu, na nusu yake unaisikia gizani kabla ya mlio. Ukifungua orodha ya abiria unakuta Abigail Hoscut Witterel. Witterel ni jina la nahodha. Kwa hiyo Hoscut ni la kwao. Unapandisha macho kwenye orodha ya maafisa: William Hoscut, msaidizi wa kwanza wa nahodha. Sasa unarudi kwenye sitaha kumtafuta, kati ya wale waliouawa na nahodha, ni yupi huyo shemeji. Nilipoandika jina lile mara ya kwanza nilihisi raha ambayo michezo ya simu haijawahi kunipa, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Nimefika mwenyewe.

Baada ya hapo ngazi inapanda kwa kasi.

Kilichonisaidia zaidi ni mjomba wangu. Mjomba alikuwa baharia wa meli za mizigo kwa miaka mingi, sasa amepumzika hapa Tanga, na siku hiyo alikuja nyumbani kwa mazungumzo tu. Akakuta nimekodolea macho sura za wanaume ishirini wenye ndevu. Akavuta kiti.

"Unatafuta nini kwenye nyuso?" akauliza.

"Natafuta nani ni nani, mjomba. Wote wanafanana."

"Mwanangu, baharia humjui kwa uso. Mtazame mikono yake iko wapi shida inapoingia."

Tukarudi kwenye tukio la dhoruba. Alisimama na kidole chake karibu na kioo. Huyu aliyeshika kamba juu ya foromali, ule mti wa kutundikia tanga, ni mtu wa milingotini, hawezi kuwa mpishi. Huyu anayepiga kelele na wengine wanamgeukia, huyo ndiye sarahangi, msimamizi wa mabaharia. Huyu aliyebeba koti la mwenzake ni mtumishi wa afisa, na afisa mwenye koti ndiye bwana wake. Orodha inasema msaidizi wa nne ana mtumishi wake kwa jina, msaidizi wa tatu vivyo hivyo. Kwa hiyo ukimjua mmoja umemjua wa pili. Ndani ya saa moja tulikuwa na majina sita ambayo mimi nilikuwa nayo tumboni kwa siku nne bila kuyatoa. Mimi nilikuwa nakimbia huku na huku, shetri hadi omo, yaani nyuma hadi mbele ya meli, naye akanituliza kwa msemo wa kwetu: kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, kule chini kabisa ya chombo. Na kweli, hadithi hii inasimuliwa kinyumenyume. Unaanza na vifo vya mwisho juu ya sitaha, na chanzo chake unakuja kukikuta chini kabisa, kwenye shehena.

Ushahidi uko kila mahali ila hauna mshale wa kukuonyesha. Kuna tukio moja kwenye sehemu wanakolala mabaharia. Machela zimening'inia mstari kwa mstari, watu wamelala, na mimi nilipita mara tatu nikimtazama anayekufa tu. Mara ya nne ndipo nikaona kwamba kila machela ina kibandiko chenye namba. Namba hizo ni zile zile za kwenye orodha ya wafanyakazi. Nilipiga kelele hadi jirani akauliza kuna nini. Lakini waliolala wamejifunika, nyuso hazionekani. Kinachoonekana ni mguu umechungulia huku, soksi kule, viatu vimetundikwa, kiko kimeachwa. Basi unaanza kufuatilia viatu vya watu katika matukio mengine yote. Mabaharia wanne wa Kichina, wote kazi yao moja, wote wa milingotini, nilikaa nao siku tatu kwa ajili ya miguu yao.

Sauti nazo ni ushahidi. Orodha imetaja nchi: kuna Waingereza, Waskoti, Wairishi, Mswidi, Mdenmaki, Warusi, Wahindi, Mwajemi, mtu wa Sierra Leone. Maandishi ya mazungumzo yanatokea kwenye skrini, lakini lafudhi haiandikwi, inasikika tu. Sisi tunamjua Mpemba kabla hajamaliza salamu, na Mngazija hakufichi kitu. Kumtofautisha Mskoti na Mwairishi kwa maneno manne yanayosemwa katikati ya mawimbi ni kazi nyingine kabisa. Hapa msemaji wa Kiswahili anaanza nyuma kidogo. Vaa spika za masikioni, na rudia tukio bila aibu.

Kuna jambo linalonigusa zaidi ya mafumbo. Katika sura moja, abiria mgeni anafungwa mbele ya mabaharia na kupigwa risasi hadharani kwa kosa la mauaji. Kazi ya kitabu ni kujua risasi ya nani iliyompata, nami nilizunguka pale muda mrefu nikifuata mwelekeo wa kila bunduki. Nilikuwa nimetulia kabisa, kama mtu anayefanya hesabu. Baadaye, kwenye maiti nyingine, nikaona nani hasa aliyeshika kisu. Hakuwa yule mgeni. Nilirudi kwenye tukio la kumpiga risasi, safari hii sikutazama bunduki, nilizitazama nyuso za waliosimama kushuhudia. Hakuna aliyekuwa na shaka. Kitu kile kilinikaa, kwa sababu hata mimi sikuwa nayo.

Na mchezo haukuruhusu kusahau kwamba hii ni bima. Mwishoni ripoti yako inageuka kuwa fedha: familia ya huyu italipwa fidia, mirathi ya aliyeandikwa muuaji itatozwa faini. Ukiandika kwa kubahatisha, mjane fulani London ndiye anayelipa. Najua ni watu wa kubuni. Hata hivyo mkono ulikuwa mzito.

Nakiri hapa kosa langu. Mchezo huthibitisha majibu kwa watatu watatu: ukipata watu watatu sawasawa, maandishi yako yanageuka kuwa ya chapa na hayabadiliki tena. Ni mpango mzuri wa kuzuia kubahatisha, lakini una mwanya. Ukiwa na wawili wa uhakika, unaweza kumzungusha wa tatu jina kwa jina hadi likubali. Nilifanya hivyo kwa watu wanne, usiku, nikiwa nimechoka. Siku mbili baadaye nikapita kwenye tukio jingine na kumwona mmoja wao ameshika kiko kile kile cha kwenye machela yenye namba. Jibu lilikuwa pale, linaningoja, na mimi nimeshalichukua kwa nguvu. Hao wanne ndio pekee ninaojuta. Kama utacheza, usiwanyime nafasi yao.

Kasoro ninazo mbili za kweli. Ya kwanza, huwezi kuruka kutoka kitabuni hadi kwenye tukio. Lazima urudi kwa miguu hadi ilipo maiti. Mwishoni, unapobakiwa na watu kumi na kila mmoja yuko kona yake, ngazi za meli zinachosha. Ya pili ni macho. Picha zote ni za rangi mbili tu, vitone juu ya vitone, kwa mtindo wa kompyuta za Macintosh za zamani. Zinapendeza sana, na kwa kifo zinafaa kuliko rangi, lakini baada ya saa mbili nilikuwa naona vitone hata ukutani. Kwenye mipangilio kuna rangi za skrini nyingine za kale; jaribu kila moja hadi upate inayokutulia.

Si mchezo wa watoto. Miili imevunjika, mingine imekatika, na si vifo vyote vimeletwa na mikono ya binadamu. Kiswahili hakimo, na Kiingereza chake kina maneno mengi ya baharini. Weka kamusi karibu. Bei ya kawaida ni dola 20 hivi, na punguzo hutokea mara kwa mara. Ukishapakua hauhitaji bando tena, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Chukua daftari la karatasi pia. Langu lina kurasa kumi na moja za viatu, kofia na nani kasimama karibu na nani.

Wa mwisho wangu alikuwa baharia wa kawaida, asiye na cheo, ambaye katika matukio mengi anaonekana mgongo tu. Nilimpata siku ya kumi na tano, jioni. Mjomba alikuwepo, akaniomba nimsomee jina lake kwa sauti na nchi yake, nikasoma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema yeye alinikuta katikati ya safari, wale wa mwanzo hakuwaona. Kompyuta iko kwake tangu Jumamosi. Jana amenipigia kuniuliza kama yule mwenye kofia ya sufi nilikuwa na uhakika naye.