Nililipia Nagasaki ya kujinafasi, nikaletewa mchakamchaka

Dakika arobaini. Nianzie hapo, maana hasira yangu yote iko hapo. Katika ratiba niliyoandaliwa, Makumbusho ya Bomu la Atomiki ya Nagasaki yamepewa dakika arobaini, na duka la keki ya kastera likapewa dakika hamsini na tano. Nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Hamsini na tano. Za keki.

Hii ni kampuni ya hapa Dar inayojinadi kupanga safari za kifahari "kwa mwendo wako". Jina nalihifadhi, sitaki kesi. Ofisi yao nzuri, kiyoyozi hadi unatamani mtandio wa pili, kahawa inaletwa kwenye kikombe chenye kisahani. Ada ya kupanga peke yake, kabla ya tiketi wala hoteli, ingelipa karo ya mjukuu muhula mzima. Nililipa bila kubishana. Mimi na mzee wangu tumestaafu, magoti yake si ya kukimbizana na mtu, na tulichotaka ni kukaa. Kukaa mji mmoja, kuamka tukipenda, kunywa chai tukiangalia bandari.

Faili letu alipewa kijana mmoja. Shikamoo hakunipa, nikajisemea labda ndiyo mambo ya ofisi za kisasa. Swali lake la kwanza: "Mama, mbona Nagasaki? Watu wote wanakwenda Tokyo na Kyoto."

Nikamweleza kwa roho nyeupe. Mimi nimezaliwa Mombasa, nimekua naiona Fort Jesus kila siku ya Mungu, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wareno hao hao walikuwa wameshafunguliwa bandari ya Nagasaki tangu 1571. Meli zao zilipita pwani hii yetu, zikaenda Goa, zikafika Macau, zikamalizia kule, na ndani yake walikuwamo watu weusi. Wajapani waliwachora kwenye michoro yao ya zama hizo. Tena kuna wale vijana wanne wa Kijapani waliotumwa Ulaya mwaka 1582. Walipandia meli Nagasaki, na wakati wa kurudi wakakwama Msumbiji miezi kadhaa. Msumbiji hapo jirani! Nilizungumza mpaka kahawa ikapoa. Kijana akaandika kwenye daftari lake neno moja: "historia".

Basi ratiba ikaja. Siku ya pili, nanukuu: saa 3:00 Dejima, saa 3:35 Daraja la Megane, saa 4:05 hekalu la Sofukuji, saa 4:40 Kanisa la Oura na Bustani ya Glover, saa 6:00 chakula, saa 7:00 boti ya Gunkanjima, saa 10:45 kastera. Hapo pembeni pameandikwa kwa herufi za dhahabu: "Siku ya utulivu".

Utulivu wa nani? Dejima ni kile kisiwa cha kutengenezwa, chenye umbo la upepeo, kilichojengwa mwaka 1636 ili wageni wafungiwe humo. Waholanzi walihamishiwa pale 1641 wakakaa zaidi ya miaka mia mbili, Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara na Japani. Bahari iliyokizunguka imeshafukiwa, mji umekimeza, lakini nyumba na maghala yamejengwa upya na unaingia kwa kuvuka kidaraja. Mimi nataka niingie kila chumba nione hao watu walilala wapi, waliandikia wapi, walikula nini. Nimepewa nusu saa na dakika tano za kukimbilia daraja.

Na Gunkanjima, kile kisiwa cha mgodi wa makaa ya mawe kilichohamwa mwaka 1974, chenye maghorofa matupu yaliyobaki yakipigwa na chumvi. Boti kutia nanga pale kunategemea bahari. Mawimbi yakikataa, mnazungushwa kisiwa mnarudi zenu. Mtu anayepanga safari ya kujinafasi anaacha asubuhi mbili wazi, ya kwanza ikigoma iwepo ya pili. Wao wameibana kati ya chakula na keki. Chakula chenyewe champon, tambi za kule zenye supu! Fomu yao ilikuwa na sehemu ya kuandika usichokula, nikaandika nguruwe, kwa herufi kubwa. Champon ile ya kawaida ina nyama ya nguruwe juu na supu yake inachemshwa kwa mifupa yake. Sasa fomu wananijazisha ya nini?

Lakini haya yote ningeyasamehe. Kweli. Kilichonimaliza ni simu.

Nilimpigia yule kijana nikamwambia, mwanangu, hii ya makumbusho irekebishwe, mimi nataka asubuhi nzima pale. Akacheka. Si kicheko cha matusi, ni kile cha mtu anayemwonea huruma bibi kizee. Akasema: "Mama, pale ni pa huzuni. Wateja wetu wa hadhi hawapendi kukaa pale. Tumewawekea tu ili mseme mmefika."

Ili tuseme tumefika! Bomu lilipasuka saa tano na dakika mbili asubuhi, tarehe 9 Agosti 1945. Ndege ilikuwa imekusudiwa Kokura, anga ya kule ikawa imezibwa, wakageukia Nagasaki. Hadi mwaka ule unaisha waliokufa walipita 70,000. Lilipasukia bonde la Urakami, na kanisa kuu la Wakatoliki lilikuwa kama mita 500 tu kutoka pale. Hao Wakatoliki ni wajukuu wa watu walioficha dini yao kwa takribani miaka 250, wakiogopa kuuawa, mpaka mwaka 1865 kikundi chao kilipokwenda kwenye Kanisa la Oura, lililokuwa jipya, kikamnong'oneza padri wa Kifaransa kwamba moyo wetu na wako ni mmoja. Mimi Mwislamu, lakini kisa hiki kinanisisimua nywele. Walistahimili yote hayo, kizazi kwa kizazi, halafu wakaangukiwa na lile. Ndani ya makumbusho kuna saa ya ukutani iliyosimama kwenye dakika ile ile ya mlipuko. Na huyu mtoto anataka niipite haraka nikawahi keki.

Nilikata simu. Sikukata kwa adabu.

Hapa ningefunga na nyota moja, na nilishaanza kuandika hivyo. Tatizo, kesho yake alinipigia binti mwingine wa ofisi ile ile, wa dawati la nyuma, ambaye nadhani aliyasikia yote. "Shikamoo mama." Nikalegea hapo hapo, siwezi kudanganya. Akaniuliza mzee anapanda ngazi kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuuliza! Nagasaki ni mji wa vilima, nyumba zimepandiana mpaka juu, na ratiba ya kwanza ilitupandisha kwa miguu kutoka kanisani hadi nyumba ya Glover, ile ya mfanyabiashara wa Kiskoti iliyojengwa mwaka 1863. Binti akaniambia kuna lifti ya umma inayopanda kimshazari mlimani, karibu na kituo cha tramu cha Ishibashi, bila malipo. Mnapanda nayo, mnaingilia bustanini kwa lango la juu, kisha mnashuka taratibu bandari iko mbele yenu. Magoti salama.

Akagundua pia uongo wa treni. Kijana alikuwa ameandika treni ya kasi "moja kwa moja" kutoka Fukuoka. Hakuna kitu kama hicho. Reli ya kasi ya Nagasaki, iliyofunguliwa Septemba 2022, inaanzia Takeo-Onsen. Kutoka Fukuoka mnapanda treni nyingine kwanza, halafu mnabadilisha pale. Si shida, ya pili inasimama ng'ambo ya jukwaa lile lile, lakini mwambie mtu ajue! Na mabegi? Binti akasema mabegi yatatangulia kwa wasafirishaji wa mizigo kutoka hoteli ya Tokyo, sisi tutabeba mkoba wa usiku tu. Akaweka mlo mmoja wa shippoku, ule wa meza nyekundu ya duara ambapo watu wote wanachota sahani zile zile, na akaandika mapema kuomba nguruwe aondolewe. Makumbusho, asubuhi nzima. Mchana hakuna kitu. Ameandika hivyo hivyo: "Mchana: hakuna kitu." Jioni, mkipenda, mlima Inasa kwa gari la kamba, mita 333, kuangalia taa za mji. Mkipenda! Hilo ndilo nililolilipia tangu mwanzo.

Nikapandisha hadi nyota nne. Nilikuwa hata nimeshaandika kwamba nendeni kwao, mwombeni yule binti.

Halafu ikaja ankara. "Gharama za mabadiliko ya ratiba." Jamani! Yaani mnikosee nyinyi, mnicheke nyinyi, mnilishe nguruwe kwenye karatasi, halafu kujirekebisha nilipe mimi? Na wanajua wamenishika pabaya: sisi tunahitaji viza ya Japani, na maombi ya viza yanataka ratiba ya kila siku. Ratiba mpya iko kwao, na hawaiachii mpaka pesa iingie. Nimemuuliza binti, akanyamaza, maskini, akasema si yeye anayepanga. Namwamini.

Mzee wangu anasema nilipe yaishe, tusije tukakosa hoteli, maana tunalenga Oktoba na tarehe 7 hadi 9 ni sikukuu ya Kunchi, mji unajaa. Ana haki. Mimi nina haki zaidi. Leo asubuhi nimewaandikia kwamba silipi, na nikataja kwamba ninaandika haya.

Kwa sasa nyota mbili. Wakiifuta ile ankara nitarudi kuziongeza. Wakimpa yule kijana kazi ya kunijibu, naziondoa zote.