Bultaco Sherpa T ya kwenye maboksi: kagua haya kabla ya kulipa

Hii ni pikipiki ya Hispania ya mashindano ya kupanda mawe na matope bila kukanyaga chini. Mwendeshaji Sammy Miller alishinda nayo Scottish Six Days Trial, mashindano ya siku sita ya Uskoti, mwaka 1965. Ikiuzwa imefunguliwa, bei hushuka. Tunaipa nyota nne kati ya tano, kwa sharti kwamba nusu zote mbili za kasha la injini zipo na ni za injini moja. Zilichongwa pamoja, ukichanganya, beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) hazikai sawa. Namba ya injini ilingane na ya fremu. Cheni, nyaya na matairi yasikusumbue.

Sili za krenki (mipira ya kuzuia hewa isipenye) badilisha zote, hata zikionekana nzima. Zikikauka, injini huvuta hewa ya ziada, petroli inakuwa kidogo, joto linapanda na pistoni inakwama. Wengi huilaumu kabureta bure. Mshale juu ya pistoni uelekee ekzosi: ukigeuzwa, ncha za ringi huangukia kwenye matundu ya silinda na kukatika.

Nyota moja imekatwa na tangi la faibagilasi. Petroli yenye ethanoli hulainisha resini, yaani gundi inayoshika nyuzi za tangi, na uteute wake hushuka kuziba jeti, vitundu vya petroli ndani ya kabureta. Ingiza kidole mdomoni mwa tangi. Kikinata, tafuta la alumini.

Kwa injini iliyofungwa upya, changanya mililita 25 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli.