Matobolwa yenye harufu ya dagaa: yaliyonikuta kwenye duka la vyakula vya asili Mwanza

"Mama, Mwanza nzima inanuka dagaa. Kama hutaki harufu, hamia Dodoma."

Maneno hayo nimeambiwa na kijana muuza duka, sikioni ana spika za simu, macho hajanyanyua. Shikamoo hakunipa, na hilo nimeshalizoea. Lakini kuambiwa nihame mji nilioukulia kwa sababu nimerudisha paketi ya matobolwa, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha? Hapo ndipo nilipoona niandike. Jina la duka silitaji, sitaki kesi. Lipo katikati ya mji, lina feni na rafu za kioo, na kila kitu ndani yake kimebandikwa neno "asili", hadi sabuni.

Niseme kwanza kwamba nilipoyaona yale matobolwa nilifurahi, nisije nikaonekana mtu wa kununa tu. Kwa asiyetoka kanda hii: kiazi kitamu kikishachimbwa hakikai. Wiki moja, mbili, kimeshaanza kunywea na kuoza. Kukiacha ardhini nako ni kamari, maana kiangazi kikikaza udongo unapasuka, wadudu waitwao fukusi wanapita kwenye nyufa mpaka wanakifikia, na kiazi kilicholiwa na fukusi kinakuwa kichungu hata ukipike na nini. Kwa hiyo Usukumani tunakausha. Ukimenya kibichi ukakata vipande na kuanika, umepata michembe. Ukichemsha kwanza, ukamenya, ukakata, ndipo ukaanika, umepata matobolwa. Michembe lazima irudi chunguni. Matobolwa unatafuna hivyo hivyo na chai ya rangi, na karanga za kukaanga, au unashushia na maziwa mgando.

Utamu wake nao si mmoja. Kiazi kinapopata moto taratibu majini, sehemu ya wanga wake inageuka sukari kabla hakijaiva; jua likishaondoa maji, sukari hiyo inabaki imejikusanya. Kipande kizuri cha matobolwa kinabishana na meno kidogo, halafu kinalegea chenyewe. Michembe haina mbwembwe hizo, ila ukiipika vizuri na karanga za kutwanga, sijui chakula cha jioni kinachoishinda. Hapo naongea kwa mapenzi, mnisamehe.

Sasa turudi kwenye hasira.

Ilikuwa mwezi uliopita au ule wa nyuma yake. Wifi yangu wa Dar alikuwa kwetu, na nilikuwa nimemjaza maneno tangu alipofika: wewe subiri, utakula kitu ambacho huko kwenu Mbagala hamkioni. Nikanunua paketi mbili kwenye hilo duka kwa sababu lilikuwa njiani na kwa sababu, kusema kweli, paketi ilikuwa nzuri. Mgeni unataka umpe kitu kilichofungwa vizuri. Jioni nikachemsha chai, nikakaanga karanga mwenyewe, nikapanga sahani, nikafungua.

Harufu ikatangulia mezani. Dagaa. Wala si dagaa wabichi wa asubuhi, wenye harufu ya ziwa. Ni wale waliokaa gunia moja muda mrefu mpaka mafuta yao yameanza kuchacha. Wifi ana adabu, sina neno naye. Alichukua kipande, akatafuna polepole, akameza, akanywa chai, halafu akauliza kwa upole kabisa: "Wifi, kumbe mnayapika pamoja na samaki?"

Watoto wangu wakaangua kicheko. Mume wangu akajifanya anatafuta rimoti. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na dagaa. Nimelelewa kwa dagaa. Dagaa wa ziwa hili wanapakiwa pale Mwaloni Kirumba magunia kwa magunia, wanakwenda mpaka Kongo, na kwenye sahani ya ugali nawatetea mbele ya sangara yeyote. Lakini kila kitu na mahali pake. Chakula kikavu kinavuta harufu ya jirani yake, na paketi ya plastiki laini haizuii chochote. Hilo mwanamke yeyote aliyewahi kuweka unga karibu na mafuta ya taa analijua. Nilipolirudia lile duka nikaangalia vizuri rafu: juu matobolwa, chini yake trei la dagaa liko wazi, feni inapuliza kutoka chini kwenda juu. Mtu angeamua kuyavukiza kwa makusudi asingepanga vizuri zaidi ya hapo.

Nikamwambia yule kijana: mwanangu, nusa hii. Hakunusa. Aliigeuza paketi, akaniwekea kidole kwenye maandishi. "Imeandikwa asili, mama. Hiyo ni harufu ya asili."

Nikamwambia matobolwa asili yake ni kiazi, na kiazi hakivuliwi ziwani usiku kwa taa ya karabai kama dagaa. Akasema ndiyo maana wateja wengine hawanunui vitu vya kienyeji, hawavijui. Mimi! Mimi niliyekaa juu ya jabali na fimbo nikifukuza kuku kwenye michembe ya mama tangu sijaanza shule, siijui! Nikaomba bosi, bosi hayupo. Nikaomba hela yangu, akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ndipo likaja hilo la kuhamia Dodoma, ambako nako wanakula dagaa wetu hawa hawa, lakini jiografia tumwachie mwenyewe.

Nikiwa nimesimama pale nachemka, nikaona jambo lingine ambalo nisingeliona kama angenijibu vizuri. Paketi imeandikwa kwa herufi kubwa: Vitamini A kwa wingi. Na ni kweli viazi vilikuwa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani. Vyeupe vya zamani vinashibisha sana ila vitamini hiyo karibu havina. Hivi vya chungwa ndivyo vyenye ile rangi ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Sasa hizo paketi zilikuwa zimepangwa mlangoni, kwenye kioo, jua la mchana lote linazipiga, na plastiki yenyewe inapitisha mwanga. Nikachukua moja nikaigeuza. Vipande vya upande wa jua vimepauka, vya upande wa ndani bado vina rangi. Ile rangi iliyopauka ndiyo vitamini iliyoondoka! Kuanika kwenyewe hakumalizi yote ukiwahi kuanua. Kinachomaliza ni kukaa miezi kwenye mwanga, joto na hewa. Kwa hiyo unamuuzia mama mwenye mtoto paketi kwa ajili ya macho ya mtoto, na wewe mwenyewe umeshaichomea dirishani.

Hilo liliniuma kuliko dagaa. Watu wamehangaika na kiazi hiki. Mwaka 2016 wataalamu wanne walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuongeza lishe kwenye mazao, watatu kati yao kwa hiki kiazi cha chungwa, na mmoja wao ni Robert Mwanga, Mganda, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa. Hapo Misungwi kuna kituo cha utafiti cha Ukiriguru kinachoshughulika na viazi. Juhudi zote hizo zinakuja kufia kwenye kioo cha mtu mwenye spika masikioni.

Na hapo hapo kwenye paketi wameandika "haina sukari". Labda walimaanisha hawakuongeza. Kiazi kibichi zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Ukikikausha vizuri, kilo nne zinakuachia kama kilo moja, na hapo hujatoa maganda. Sukari ya kilo nne imehamia kwenye kilo moja. Mtu anatafuna mikono miwili akiangalia mpira, hajui kwamba amekula sufuria zima la viazi. Mzee mwenye kisukari anayesoma "haina sukari, asili" amedanganywa mchana kweupe. Matobolwa yana sifa zake nyingi za kweli: wanga unaokaa tumboni, nyuzinyuzi, potasiamu, na yakihifadhiwa pakavu yanavuka miezi bila friji. Vitamini C usiyaulize, moto na jua vimeshaichukua. Sifa za kweli zinatosha kabisa kuuzia. Kwa nini kuongeza za uongo?

Kinachonichosha ni kwamba kitu kizuri kipo, tena hapo karibu. Siku chache baadaye nilipita mnadani Misungwi, nikamkuta bibi mmoja amekaa na ungo wake. Tukasalimiana Kisukuma: mwangaluka, bibi. Mwangaluka. Kabla sijauliza bei akanipa kipande: "Onja kwanza, mayu," yaani mama. Kikavu, kisafi, hakina mchanga, kinanukia kiazi. Anapima kwa sado, na akishapima anaongeza konzi moja juu bila kuombwa. Paketi hana, lebo hana, na vitamini hazitaji. Alichoniambia ni kimoja tu: nikaweke kwenye chombo chenye mfuniko, gizani. Ushauri huo ungelisaidia lile duka kuliko feni yao.

Basi, hukumu yangu ilikuwa imeshakaa tayari: nyota sifuri kama ingewezekana, na msikanyage pale. Ila kuna hili nalazimika kulisema, na linaniudhi.

Paketi ya pili ilibaki. Kutupa chakula siwezi, mama yangu angefufuka. Nikayaloweka maji ya uvuguvugu, nikamwaga, nikaloweka tena. Nikachemsha choroko mpaka zikakaribia kuiva, nikatia matobolwa, nikakaanga kitunguu na nyanya pembeni, nikamalizia na karanga zilizotwangwa laini na chumvi. Karanga hapo si za ladha tu. Ile rangi ya chungwa haipokelewi vizuri mwilini bila mafuta, na wazee wetu walikuwa wanavila viwili hivi pamoja bila semina ya mtu. Nikaacha vitokote moto mdogo mpaka mchuzi ukawa mzito.

Ilikuwa tamu. Naandika nikiwa nimekunja uso, lakini ilikuwa tamu sana. Ule mnuko wa dagaa uliobaki, ambao kwenye chai ulikuwa fedheha, ndani ya choroko na karanga uligeuka ukawa kiungo. Mtoto wa mwisho alikomba sufuria. Mume wangu akauliza dagaa nimeweka wangapi, nikamwambia wale wale wa dukani. Wifi, ambaye ndiye shahidi wa aibu yangu, aliomba niwe namtumia Dar, "lakini yale yale yenye samaki, wifi."

Kwa hiyo nikajikuta nimekaa najadiliana na nafsi yangu. Viazi vilikuwa vizuri. Aliyechemsha alijua kazi, maana vipande vilikuwa sawa, havina fukusi, havina ukungu hata nukta moja, na mchanga haukuwepo, jambo ambalo kwa vitu vinavyoanikwa chini si la kudharau. Nikasema basi nitoe nyota tatu: tatu kwa bidhaa, na lile duka lijipange upya, dagaa chini peke yao na mfuniko, matobolwa gizani, yule kijana afundishwe kusalimia. Nilikuwa nimeshalainika kiasi hicho. Hata kwenye namba ya simu iliyopo kwenye paketi niliwatumia ujumbe mrefu wa heshima, nikawaeleza habari ya trei, ya feni, ya kioo na ya kisukari, nikamalizia na "Mungu awabariki katika biashara yenu."

Majibu yamekuja leo asubuhi. "Asante mteja wetu kwa kutuamini! Wiki hii tuna ofa ya dagaa, ukinunua kilo mbili unapata robo bure. Karibu sana."

Nyota mbili nazichukua. Hiyo moja inayobaki si ya duka. Ni ya yule aliyekaa juani akavianika viazi vile, ambaye sidhani kama alipata hata nusu ya bei niliyolipa mimi.