Tahadhari: Datsun 240Z "ya Safari" inayouzwa Baba Dogo

Wapenzi wa magari ya zamani, kabla hujatuma hata shilingi kwa yule jamaa mwenye Datsun 240Z ya rangi ya chungwa, soma hapa kwanza. Mimi nimeshaliwa. Wewe bado.

Tangazo lake huenda umeliona. Ni video fupi, boneti iko juu, injini ya silinda sita inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Maandishi: "Gari la Safari 1971, injini orijino, tayari kwa Concours", yale maonyesho ya kushindanisha magari yaliyotunzwa. Bei, milioni moja na laki nne. Sasa mimi nimelelewa na mzee ambaye Pasaka haikupita bila kutusimulia vile Edgar Herrmann alivyoshinda mbio za Safari Rally na 240Z mwaka 1971, na vile Shekhar Mehta alivyolipa gari hilo ushindi tena 1973 baada ya kufungana pointi na Harry Källström, naye pia kwenye Datsun. Ukiambiwa unauziwa kipande cha hadithi hiyo, akili hukuhama. Nilikuwa nimeshajiona Ngong Racecourse, gari limeng'arishwa, watoto wakipigwa picha.

Nilienda kuliona jioni, jua likizama. Kosa la kwanza hilo. Rangi mpya na mwanga hafifu ni marafiki wa mkora. Akanionyesha picha ya logbook kwenye simu, akisema yenyewe iko kwa dada yake Kitale. Kisha simu yake ikalia, akaongea kwa sauti: kuna mtu wa Mombasa anakuja kesho na pesa taslimu. Nikamtumia dipoziti ya 150,000 kwa M-Pesa pale pale, kwa nambari yake binafsi, bila hata karatasi ya makubaliano. Ndiyo, najua. Mke wangu ameshanisema, nyinyi pumzikeni.

Siku mbili baadaye nikarudi na fundi wangu wa bodi, mzee wa Industrial Area asiye na maneno mengi. Alitoa sumaku mfukoni. Chini ya milango ikaanguka. Sakafuni kwa dereva ikaanguka. Chini ya betri, mahali ambapo asidi hupenda kula bati la magari haya, hata hakuijaribu. Alibonyeza kwa bisibisi ikazama. Alipokwaruza, tukakuta bodi fila, ule udongo wa kuzibia bati bovu ambao sumaku haiushiki, nene kama kidole, na ndani yake waya wa kuku na gazeti. Gazeti jamani! Na 240Z haina fremu ya kando kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo sakafu ikioza, umenunua rangi tu. Wala usidhani utazunguka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road ukapata bati la sakafu la gari hili. Utaliagiza ng'ambo au ulikunjishe kwa fundi, na bei yake utaikumbuka.

Lakini lililonikata maini ni nambari ya chasi. Hupigwa kwenye ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Pale tulikuta alama ya kuchomelea imezunguka kipande chote, imefichwa kwa rangi, dalili kwamba kipande kilikatwa kwenye gari lingine. Nambari yenyewe ilianza na HLS30, kama ile ya kwenye picha ya logbook. Hiyo L ni ya usukani wa kushoto, magari kama yale yaliyopelekwa Marekani. Ya usukani wa kulia huanza na HS30. Na jamaa alikuwa ameniapia gari liliuzwa jipya hapa hapa Nairobi, usukani wake ukiwa kulia! Nilikuwa nimeitazama picha ile mara kumi na herufi hiyo ikanipita.

Usiku huo ndipo nikafanya utafutaji wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, jambo la dakika chache ambalo ningelifanya kabla ya kutoka nyumbani. Nambari ya usajili ilikuwa ya pikapu ya Datsun 1200.

Nilipomwambia anirudishie pesa, alisema dipoziti hairudi, kisha akazima simu. Nilituma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ili muamala ubatilishwe, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa. Nimeripoti polisi na nina nambari ya OB, kitabu chao cha matukio. Kama nawe amekufanyia mbinu hii, njoo inbox tuunganishe malalamiko.

Nimeandika leo kwa sababu gari limerudi sokoni. Video ni ile ile, mtungi wa bluu wa mafuta uko pale pale nyuma ya gurudumu, ila jina la muuzaji ni jipya na mwaka umekuwa 1973. Mwombe akutumie picha ya nambari ya chasi iliyopigwa mchana, rangi ya pale ikiwa imekwaruzwa. Mimi nilimwomba jana kwa laini nyingine. Amesema amesafiri.