Sanduku la bastola kwa nyumba yenye watoto: lipi ununue, lipi uliache dukani

Nina bastola yenye leseni kwa sababu ya duka langu la jumla na pesa ninazofunga nazo jioni. Nyumbani Mbezi, Dar es Salaam, tuna watoto watatu, na ikifika likizo ya Desemba wanakuwa saba, wa dada yangu na wa shemeji. Kwa muda mrefu niliamini kabati refu linatosha. Siku moja nikaingia chumbani nikamkuta mpwa wangu wa miaka saba amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndoo iko juu ya kiti, mkono wake umezama kwenye begi la nguo za sherehe. Alikuwa anatafuta simu ambayo mama yake alikuwa ameificha. Bastola ilikuwa kwenye begi la pili yake.

Sikumgombeza. Nilimshusha taratibu, na jioni ile nilianza kutafuta sanduku.

Kuficha hakufai, na hili limepimwa. Mwaka 2001 watafiti wa Atlanta, Marekani, walichapisha jaribio la wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, waliogawanywa katika makundi 29 na kuachwa chumbani ambamo bastola halisi isiyo na risasi ilikuwa kwenye droo. Makundi 21 yaliiona. Kati ya hayo, 16 yaliishika, na katika makundi 10 kuna mtoto aliyevuta kifyatulio. Karibu wote walioishika walikuwa wameshafundishwa kuhusu hatari ya silaha. Kwa hiyo usiniambie mwanao ana adabu. Wangu pia wana adabu.

Muuzaji atakusifia jinsi sanduku linavyofunguka haraka. Wewe muulize kwanza nani mwingine anaweza kulifungua. Mimi nimeyapanga kwa kipimo hicho, na haraka inafuata nyuma.

La kwanza kwangu ni sanduku la chuma lenye vitufe vya kubonyeza visivyotumia umeme wala betri. Kufuli linalojulikana zaidi la aina hii ni Simplex, lenye vitufe vitano vilivyopangwa mstari mmoja, na kila kitufe unakibonyeza mara moja tu, peke yake au pamoja na kingine. Mipangilio inayowezekana ni 1,082. Si mingi, na mtoto mwenye subira na mchana mzima anaweza kubahatisha, kwa hiyo usilifunge mahali anapokaa peke yake. Lakini hakuna betri ya kuisha, na vidole vinalijua gizani. Umeme ukikatika saa nane usiku, feni imezima, uko ndani ya chandarua na jasho linakutiririka, vitufe unavihesabu kwa kupapasa tu. Kariakoo sikulikuta, langu limeagizwa, na lilinigharimu kuliko mengine yote niliyoyaangalia. Sijutii.

La pili ni sanduku la namba linalotumia betri, na hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Masanduku mengi ya bei nafuu yana sumaku ya umeme inayovuta kijiti chenye springi. Ukiligonga kwa juu, kijiti kinaruka, na ukizungusha kitasa wakati huohuo mlango unafunguka bila namba. Nilijaribu kwenye duka moja Kariakoo, kwa ruhusa ya muuzaji. Nililifunga, nikaweka kiganja cha kushoto kwenye kitasa, nikapiga juu kwa ngumi ya kulia. Mara ya nne likaachia. Muuzaji akaniangalia, akasema, “Kaka, hilo watu wanawekea vyeti.” Alikuwa mkweli, namshukuru. Nawe jaribu hivyohivyo kabla hujatoa pesa, na akikukatalia, nenda duka la jirani. Linalosukuma komeo kwa mota ndogo ni bora zaidi.

Kuna mengine mawili ya kukagua kwenye aina hii. Fungua mlango utazame kwa ndani: kuna kitufe cha kubadilishia namba, mara nyingi chekundu. Kama tundu za bolti za nyuma ziko wazi, waya mrefu unaweza kukifikia, na anayekibonyeza anaweka namba yake. Pili, badilisha namba ya kiwandani, pamoja na ile ya akiba iliyoandikwa kwenye kikaratasi cha maelezo. Namba hizo kila mwenye sanduku kama lako anazo. Na namba mpya isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, maana ndiyo ya kwanza atakayoijaribu.

Betri weka za alkalaini, ubadilishe kila miezi sita hata kama bado zina nguvu. Zile za bei poa huvuja, na hewa yetu ya chumvi humalizia kazi kwenye vishikio vya betri.

La tatu ni la alama ya kidole. Najua wengi wanalitamani, na likiwa zuri linafunguka kwa sekunde moja. Ila hukikataa kidole chenye jasho, mafuta ya nazi au kidonda cha kisu cha jikoni. Na kuna jambo baya zaidi. Oktoba 2023 kampuni ya Fortress iliwatangazia wanunuzi wa Marekani waache kutumia alama ya kidole kwenye masanduku takriban 61,000 yaliyouzwa huko, kwa sababu yalikuwa yanaweza kufunguka kwa kidole cha mtu yeyote huku mwenyewe akiamini ameshaweka alama yake. Ukinunua aina hii, sajili kidole chako, kisha mwite mkeo, shangazi, fundi, kila aliyepo aweke kidole. Rudia kesho yake. Likimfungulia mmoja tu, lirudishe.

La nne ni kasiki la ufunguo, hata lile ambalo mafundi wa kuchomelea wanakutengenezea kwa vipimo vyako. Chuma chake mara nyingi ni kizito kuliko cha dukani, na halina cha kuharibika. Shida ni ufunguo. Mahali unapouficha ni palepale ulipokuwa unaficha bastola. Kama uko tayari kuuvaa shingoni mchana na usiku, lichukue bila wasiwasi.

Kufuli la kifyatulio, lile linalokifunika kisivutwe, na waya wa kufuli nimeviweka mwisho. Waya hupitishwa kwenye bastola iliyotolewa risasi, na unafaa kama ulinzi wa pili ndani ya sanduku. Kufuli la kifyatulio usilifunge kamwe kwenye bastola yenye risasi, kwa sababu linaweza kugusa kifyatulio wakati unalivalisha.

Kuhusu unene, masanduku huuzwa kwa geji kama bati la kuezekea: namba ikipungua, chuma kinaongezeka. Geji 16 ni kama milimita moja na nusu, geji 12 inakaribia milimita tatu. Kumzuia mtoto, 16 inatosha. Kumzuia mwizi mwenye mtaimbo, tafuta 14 kushuka.

Lakini sanduku lolote lisilofungwa kwa bolti ni mzigo wenye mpini. Usilifunge kwenye kabati la mbao za kusaga, bolti zinang’oka na mbao yake. Tafuta ukuta wa tofali za saruji au sakafu ya zege, fundi atoboe kwa drili na kuweka bolti zinazotanuka ndani. Kama umepanga, zungumza kwanza na mwenye nyumba. Akikataa, fremu ya kitanda cha mninga yenye chuma kwa chini inasaidia kiasi.

Bastola usiiache ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi inanyonya unyevu na hewa ya Dar ina unyevu karibu mwaka mzima. Weka vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, futa kwa mafuta kidogo kila wiki mbili.

Namba usimpe mtu. Leseni ina jina lako, si la familia. Ufunguo wa dharura unaokuja na sanduku usikae nyumbani kabisa. Wangu uko dukani, ndani ya droo ya hesabu yenye kufuli, kilomita kadhaa kutoka kwenye kabati lile. Mpwa wangu sasa ana miaka kumi na moja, na Desemba iliyopita alivuta kiti tena chumbani kwetu. Safari hii alikuwa anatafuta chaja.