Wiki nane za kujifunza biashara ya nishati nikiwa Lubumbashi

Ninatunza hesabu za kinu cha kusagia mahindi hapa Lubumbashi, ambacho umeme ukikatika huendeshwa kwa jenereta ya mazuti, yaani dizeli. Mnamo Aprili 2020, redio ilipotangaza kwamba pipa la mafuta huko Marekani limeshuka chini ya sifuri, mwenye kinu aliniuliza kwa nini basi sisi tunaendelea kulipia mazuti, nami nikakosa jibu. Swali hilo halikuniacha, na mwaka jana nilijiandikisha katika kozi ya wiki nane ya uchumi na biashara ya nishati duniani, inayofundishwa kwa Kifaransa kupitia intaneti.

Jibu nililipata katika wiki ya tatu, ambayo peke yake ilistahili ada yote. Ile dola 37.63 chini ya sifuri, ya tarehe 20 Aprili, haikuwa bei ya mafuta yote. Ilikuwa bei ya mkataba wa kupokea mafuta ghafi mwezi Mei katika mji wa Cushing, Oklahoma, na mkataba huo ulikuwa umebakiza siku moja tu kufungwa. Korona ilikuwa imesimamisha safari, matangi ya Cushing yalikuwa yamejaa au yamekwisha kukodiwa, na aliyeshika mkataba bila kuwa na pa kuweka mafuta alilazimika kumlipa mwingine ayachukue. Mafuta ya Brent, yaani mafuta ghafi ya Bahari ya Kaskazini ambayo hupakiwa melini na kuweza kupelekwa kwingine, hayakufika chini ya sifuri. Mwalimu alilifafanua jambo hili kwa subira kubwa, tarehe kwa tarehe, hata nikaweza kumweleza mwenye kinu kwa Kiswahili.

Somo la OPEC, jumuiya ya nchi zinazouza mafuta nje iliyoundwa Baghdad mwaka 1960, lilikuwa sahihi lakini fupi.

Kinachonisikitisha ni kwamba kozi humfikiria mnunuzi aliye karibu na bandari. Lita ya mazuti inayofika Katanga imebeba gharama za meli, za bandari, za lori, za kusubiri mpakani Kasumbalesa, ushuru, na pia thamani ya faranga mbele ya dola. Mambo haya yote yaligusiwa kwa dakika chache. Hata bomba la TAZAMA, linalosafirisha mafuta kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, tangu 1968, halikutajwa, ilhali Ndola ni jirani yetu na mfano huo ungetufaa sana. Video nazo ni nzito, kwa hiyo nilikuwa nikizipakua usiku.

Kwa anayenunua mazuti au esansi (petroli) kwa jumla, ningeipendekeza kozi hii bila kusita, mradi afanye mwenyewe hesabu ya njia. Mimi sasa kila Jumatatu huandika katika daftari la kinu bei ya Brent, kiwango cha faranga na bei ya lita kwenye depo, na kabla ya kuagiza pipa lolote, mwenye kinu hulisoma daftari hilo kwanza.