Prifomu wani Kigoma: nilicholipia na nilichopata

Wazazi wenzangu wengi huniuliza kama prifomu wani, yaani tuisheni ya kumwandaa mtoto aliyemaliza la saba kuingia kidato cha kwanza, ina maana au ni njia tu ya kula hela za watu. Kwa binti yangu ilikuwa na maana.

Alimaliza la saba Septemba 2024, nikampeleka kituo kimoja pale Mwanga. Asubuhi hadi saa sita, Jumatatu hadi Ijumaa, shilingi 20,000 kwa mwezi mpaka Desemba. Madaftari unanunua mwenyewe, na mtoto akichelewa anabanana na mwenzie kwenye benchi. Walimu ni vijana waliomaliza chuo wakawa wanasubiri ajira za serikali. Wa Hisabati na wa Kiingereza ni moto. Wa Fizikia anakimbia mno: anajaza ubao, anafuta, watoto hawajafika hata katikati.

Kilichonifanya nione hela yangu imefanya kazi ni lugha. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo moja tu. Januari mtoto akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Huyu wangu alikuwa anajua mbegu inavyoota na moyo unavyosukuma damu, ila muulize kwa Kiingereza anakodoa macho. Kituoni walimsimamisha mbele aeleze, akosee, wenzie wacheke, aendelee hivyohivyo. Alipoanza shule alikuwa ananyoosha mkono.

Sasa hapa ndipo roho inaponiuma. Ada ya sekondari za kutwa iliyofutwa Januari 2016 ilikuwa 20,000 kwa mwaka. Kwa mwaka! Mimi nimelipa kiasi hichohicho kila mwezi, mtoto hajavaa hata sare. Jirani yangu ni mvuvi, kazi zake ziko Kibirizi. Mwaka huo Ziwa Tanganyika lilifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na aliporudi majini alikuwa na madeni ya dukani ya kulipa kwanza, achilia mbali tuisheni. Mwanawe, ambaye kwa Hisabati amemzidi wangu tangu la nne, miezi ya prifomu alikuwa akianika dagaa na mama yake. Leo wako darasa moja. Mwalimu akiuliza, wanaojibu ni walewale wa prifomu, na somo linakwenda kwa mwendo wao.

Nilimuuliza mwenye kituo kama ana nafuu kwa wasio na uwezo. Akasema anapokea kidogokidogo, lakini bure hawezi, hata chumba amepanga. Simlaumu.

Kwa huduma nawapa nne kwa tano. Ukienda, omba usikilize kipindi cha Kiingereza kabla hujalipa. Kama mwalimu anakifundisha kwa Kiswahili mwanzo mwisho, tafuta kwingine. Halafu lipa mwezi kwa mwezi, maana vijana hawa ajira zikitoka wanaondoka katikati ya masomo.